Tangi la Picha

Bosi Mahfudh alikuwa na tangi moja la maji. Alilipigisha picha msikiti hadi msikiti kana kwamba analitoa msaada, wafadhili wa ughaibuni wakamwaga hela, kisha akaondoka nalo.

Kwenye msikiti wa Majengo, ambako waumini walitawadha kwa maji ya madumu, kamera ilishikwa na Mwanasiti, mwenye digrii asiye na kazi.

"Bosi, 'natoa' ni neno jepesi. Wafadhili wakisikia 'wakfu', wanalia."

"Nalitoa wakfu kwa msikiti huu!" akanguruma Mahfudh.

"Perfect, sir. Rudia, wazee wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Waumini wakapiga takbiri.

"Haya, wapakizi, lirudisheni kwenye lori!" Mahfudh akaamuru.

Wapakizi, nao waumini, hawakusogea.

"Wakfu haurudishwi, bosi," alisema Mwanasiti. "Sasa ni mali ya Mwenyezi Mungu. Ukilitaka, mwandikie proposal."