Kwa Nini Kigari Kinaitwa Kibandawazi

Nyamazeni basi, nyinyi mnaocheka. Kibandawazi ni kigari chepesi cha kuvutwa na punda, kina paa na hakina kuta. Jina hilo halikuja kwa mzaha.

Hapo kale kigari hicho kilikuwa na kuta pande zote na mlango mmoja, nacho kikiitwa kibanda tu. Mzee Fumo alimtengenezea kimoja bintiye, Mwanamize, siku ya kupelekwa kwa mumewe. Mzee yule alikuwa na wivu na binti yake, hataki hata kuku amwone. Akaziba kila upenyo kwa pamba. Na desturi ya mji, bibi harusi hafungui kinywa mpaka asikie sauti ya mama mkwe.

Wakamfungia humo jua la utosi. Tena hawakwenda moja kwa moja, maana kila mtaa ulitaka kumwimbia. Njiani Mwanamize akagonga ubao. Somo yake, Bi Tatu, aliyemfunda, akacheka, akasema, "Msikieni mwali wangu, ngoma imemkolea."

Wapigaji wakazidisha. Mwanamize akagonga tena, kwa nguvu, wakamjibu kwa vigelegele. Halafu kugonga kukakoma, nao wakasema amechoka kucheza.

Mama mkwe alifungua mlango akamwita, akamwita tena. Mwanamize alikuwa amejikunja pale mlangoni, kucha zimevunjika, hana pumzi. Ukelele mmoja tu, jamani, ungemwokoa! Lakini alifundwa kunyamaza, akanyamaza.

Bi Tatu akaketi mchangani. Mzee Fumo akaomba shoka. Akabomoa ukuta mmoja baada ya mwingine, akabakiza sakafu, nguzo na paa. "Kibanda kitakuwa wazi," akasema. Akampeleka mwanawe makaburini kwa kigari hichohicho, mji mzima ukitazama.

Na tangu siku hiyo kigari hicho hakijengwi kuta, nacho kinaitwa kibandawazi. Na mwendeshaji wake, hata ngoma ilie namna gani, akisikia ubao umegongwa mara moja husimamisha punda, hugeuka, akauliza, "U mzima?" Wala haondoki mpaka ajibiwe.