Zimwi Lililokula Unga wa Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Masikio?

Yako wazi!

Midomo?

Imefungwa!

Haya. Na wewe Sauda, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, katika nchi ya wakulima wa mtama, palikuwa na zimwi lenye ngozi saba. Watu walilichoma mkuki, mkuki ukapinda. Walilipiga mshale, mshale ukavunjika. Waliliwashia moto, moto ukazimika. Zimwi likacheka, likabeba mbuzi wao, likarudi porini.

Basi watu wakazungushia kijiji boma la miiba, wakatia milango makomeo. Mtu akifa, walisema, "Zimwi limemroga." Akifa mwingine, "Zimwi limemroga." Hata mume wa Kalunde alipounguzwa na homa, macho yakamwiva, vigimbi vya miguu vikamuuma asiweze kusimama, kisha akafa, walisema yaleyale: "Zimwi limemroga."

Kalunde akabaki na binti yake, Nyamizi. Mlango wao ulikuwa na makomeo matatu. Lakini juu darini, vilindo vya unga, vile vyombo vya magome ya mti, vilikaa wazi, na panya walicheza humo watakavyo.

"Mama," alisema Nyamizi, "unga unanuka mkojo wa panya."

"Panya wako kila nyumba, mwanangu. Toa vinyesi, upike. Cha kuogopa ni zimwi."

Siku moja, jua la utosi, watu wote wakiwa shambani, zimwi liliruka boma. Likavunja mlango wa Kalunde na makomeo yake yote. Halikukuta mtu. Likapanda darini, likabugia unga mbichi. Kilindo cha kwanza, kwisha. Cha pili, kwisha. Cha tatu likakilamba hata chini. Likaenda zake.

Siku ya nane wachunga ng'ombe wakasikia mlio bondeni. Watu wakaenda kwa kunyatia, wakapigwa na butwaa. Zimwi lilikuwa chini, linagaagaa, macho mekundu kama pilipili, limeshika miguu.

"Vigimbi vyangu! Vigimbi vyangu!"

Kalunde akanong'ona, "Ndilo lililokula unga wangu." Likamsikia. "We mwanamke, ulinitilia sumu gani?"

"Sikutia kitu."

"Mkuki haukuniweza. Mshale haukuniweza. Moto haukuniweza. Ulinitilia nini?"

"Naapa sikutia kitu! Ndio unga tunaokula sisi!"

Zimwi likamkodolea macho. "Mnampa hata mtoto?"

Likafa.

Loo! Vigelegele vikapaa, watu wakamnyanyua Kalunde mabegani. Lakini mkunga wa kijiji, Bibi Tabu, aliinama juu ya lile zimwi akatazama.

"Nyamazeni!" akasema. "Mume wa Kalunde nilimuuguza mimi. Macho yake yalikuwa hivi. Miguu ilimuuma hivi. Zimwi hili nalo, nani ameliroga?"

Vigelegele vikakatika. Kila mtu alimkumbuka maiti wake, na kila mtu alikumbuka dari yake na panya waliocheza humo.

Kalunde akateremka mabegani mwa watu. "Nilimpikia mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu huu." Kisha akapiga ukelele, akakimbia. Asubuhi ile Nyamizi alimwambia miguu inamuuma, naye alimjibu, "Uvivu huo."

Akamkuta mtoto amelala sakafuni, mwili moto kama jiwe la jikoni.

Enzi hizo hapakuwa na zahanati, wajukuu zangu. Bibi Tabu alimhamishia Nyamizi kwake, akampa dawa za miti na maji yaliyochemshwa, siku moja, siku mbili, siku tisa.

Kalunde akarudi nyumbani na hasira, akanyakua ufagio. Bibi Tabu, aliyekuja kufuata nguo za mtoto, akaushika.

"Unataka kulivuta puani vumbi la vinyesi vya panya? Fungua milango upepo upite. Jifunge kitambaa. Vinyesi vimwagie maji ya majivu vilowe, ndipo uvifute kwa tambara, ukafukie mbali. Na panya aliyekufa usimguse kwa mkono mtupu."

Kalunde akafanya. Akaziba matundu kwa mawe na udongo wa kichuguu. Akatia vilindo vifuniko vya kubana. Akanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Na kijiji kizima kilikuwa kinafanya hivyo, kimya, kama watu walio msibani.

Siku ya kumi Nyamizi akafumbua macho. "Mama, nipe uji."

Kalunde akaupika kwa unga mpya. Akasimama na bakuli, mkono hautaki kwenda.

"Mama, nina njaa."

Akaunusa. Akaunusa tena. Akaunusa mara ya tatu, akaonja, machozi yanamdondoka. Ndipo akampa.

Hadithi yangu naitua hapa, atakaye aibebe.

Nanyi shikeni hili: funikeni chakula, zibeni matundu, msifagie vinyesi vya panya vikiwa vikavu. Homa ikikukamata, macho yakaiva na vigimbi vikauma, sema siku hiyohiyo, upelekwe zahanati. Usingoje ukisema umerogwa.