Jina Moja kwa Tovuti ya Cherehani

Mliokaa mbali sogeeni, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii haina mwisho wa kumbembeleza mtu. Nitakapoishia nitawaachia kazi, na nasema mapema kwamba kazi hiyo mimi imenishinda.

Palikuwa na wastaafu watatu mjini Korogwe, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mbaruku Semkiwa, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Kipaji chake kilikuwa sikio. Akipita nje ya kibanda cha mshonaji, alisimama kidogo, akasikiliza cherehani ikienda, kisha akasema boksi ya bobini imelegea, au sindano imewekwa kinyume. Mashine ikifunguliwa, mambo yanakutwa vilevile. Kuandika ndiko hakukuwa kwake. Ukimpa kalamu alikuwa anaishika kama bisibisi.

Wa pili alikuwa Bi Zawena Mgaza, mpiga chapa wa halmashauri kwa miaka thelathini na mmoja. Kipaji chake kilikuwa vidole, na sisemi kasi peke yake. Wakubwa wake walimtolea maneno vipande vipande, huku wakipiga simu na kunywa chai, naye akawarudishia barua iliyonyooka. Waliisoma, wakaamini ndivyo walivyosema. Lakini ukimwambia Bi Zawena aseme jambo lake mwenyewe mbele ya watu, ulimi ulikuwa unamganda.

Wa tatu alikuwa Mzee Yoeli Shekolowa, mgawa barua. Huyu hakuwa na sikio la mashine wala vidole vya kuchapa. Alichokuwa nacho ni kwamba hakuwahi kumwacha mtu bila jibu. Miaka yote aliyozunguka na mkoba wa posta, akikuta barua ina anwani mbovu aliitafutia mwenyewe mpaka ampate, na akimpata alimuuliza na hali ya watoto. Aliwakumbuka watu wote, na watu hupenda kukumbukwa.

Hao ndio wenyewe. Mimi nitaisimulia nikiwa nimekaa karibu na Bi Zawena, kwa sababu mzigo ulimwangukia yeye.

Bi Zawena hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki mapema, na mtoto hakujaliwa. Alipostaafu, kwenye semina ya wastaafu walimwambia afuge kuku. Alichukua sehemu ya kiinua mgongo akanunua kuku arobaini, na kideri kikawafagia wote ndani ya wiki moja. Kilichobaki alinunulia kompyuta iliyokwishatumika, akapanga vyumba viwili karibu na soko, akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti. Pensheni yake ilitosha chakula. Kodi haikutosha. Kama kodi ingemshinda, ingembidi ahamie kwa kaka yake Handeni, akalale kwenye chumba cha wajukuu na kuomba ruhusa ya kuchemsha chai. Kaka hakuwa mtu mbaya. Bi Zawena alikuwa anaogopa tu kuwa mgeni mpaka siku ya kufa.

Ndipo akamfuata Mzee Mbaruku. Akamwambia, wewe sema, mimi niandike. Mzee Mbaruku akacheka, akauliza ni nani atakayekaa kusoma habari za cherehani. Lakini washonaji wenye mashine kuukuu wamejaa kila mji, na mafundi wanaozijua wanapungua kila mwaka. Wakaiita tovuti yao Cherehani ya Mzee Mbaruku.

Kazi ilikuwa Jumanne na Ijumaa asubuhi, nyumbani kwa mzee, barazani. Mzee Mbaruku alifungua mashine na kueleza: uzi unakatika kwa nini, kitambaa hakisukumwi kwa nini. Bi Zawena alichapa. Mwisho wa kila ukurasa aliweka herufi za mwanzo za jina la mwenye maneno kwa kubwa na zake kwa ndogo, MS/zm, kama walivyofundishwa wapiga chapa wa zamani. Wasomaji hawakujua desturi hiyo. Mshonaji mmoja wa Mbeya aliandika kuuliza vipuri vya MS/zm vinapatikana duka gani, wakacheka mpaka Mzee Mbaruku akaegemea ukuta.

Mwaka wa kwanza wasomaji walikuja, wakasoma, wakaondoka. Hapo ndipo alipoingia Mzee Yoeli. Alianza kuyajibu maswali ya wasomaji moja baada ya jingine, kwa simu yake, akiyapeleka kwa Mzee Mbaruku na kurudisha majibu. Akimjibu mtu wa Kigoma leo, mwezi ujao anamuuliza kama mashine imepona na kama binti amefaulu. Watu wakarudi, na waliporudi walikuja na wenzao. Kampuni ya matangazo ikaona, ikaanza kulipa kila mwezi. Walikuwa wanagawana mafungu matatu sawasawa, na kila mmoja alikuwa na pengo lake la kuziba. Bi Zawena alilipia vyumba vyake.

Sasa sikilizeni kosa lilipofanyika. Siku ya kuisajili tovuti kwa kampuni ile, fomu iliuliza jina la mmiliki, jina moja. Bi Zawena aliyekuwa anaijaza hakufikiri hata kidogo. Miaka thelathini na mmoja alichapa barua za watu, na barua ni ya anayetia sahihi. Hakuna mpiga chapa anayejiweka juu. Akaandika Mbaruku Semkiwa, akabonyeza, akaendelea na kazi. Wenzake nao hawakuuliza. Walikuwa wameahidiana kugawana sawasawa, na kwao ahadi ilitosha.

Jumanne moja Mzee Mbaruku alikuwa anaeleza jinsi ya kupitisha uzi. Akasema, "Ukishautoa hapa juu, sasa," akanyamaza. Bi Zawena alikuwa ameinamia kompyuta, vidole vikisubiri neno linalofuata. Alisubiri kwa muda ambao mpaka leo anajilaumia. Alipoinua macho, mdomo wa mzee ulikuwa umekwenda upande mmoja.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu na ulimi. Sikio kililiacha. Cherehani ya jirani ikilia na kasoro yake, mzee alikuwa anageuza kichwa, anakunja uso, anataka kusema, na haiwezekani. Binti yake Mwanahawa aliacha kazi ya saluni Tanga, akarudi kumuuguza. Bi Zawena aliendelea kwenda Jumanne na Ijumaa. Alikuwa anakaa barazani na kompyuta iliyofungwa, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda siku hizo.

Miezi miwili baadaye kampuni ikaandika. Kila mwaka mmiliki alitakiwa ajitokeze mbele ya kamera ya simu na kutaja jina lake. Walijaribu. Mwanahawa alimvalisha baba yake kanzu safi, Mzee Yoeli akashika simu. Mzee Mbaruku alijua kabisa anachotakiwa kufanya. Alijikaza, jasho likamtoka, ikatoka sauti moja isiyo jina la mtu yeyote. Wakarudia mara nne. Mara ya tano Bi Zawena aliishusha ile simu kwa mkono wake, akasema basi, jamani, imetosha.

Malipo yakasimamishwa. Kampuni ikatuma karatasi ya kuhamisha umiliki: mmiliki wa sasa aweke dole gumba mbele ya mtendaji wa mtaa, na mmiliki mpya aandikwe jina. Mstari ulikuwa mmoja. Mzee Yoeli aliandika kuuliza kama yanaweza kuwekwa majina matatu, akajibiwa haiwezekani. Siku walizopewa ni thelathini, na zikipita tovuti itafutwa kwenye orodha yao.

Wakakutana barazani. Mzee Yoeli alisema liwekwe jina lolote, na mgawo uendelee kama zamani. Mwanahawa hakupandisha sauti. "Baba mdogo, baba naye aliwaahidi hivyohivyo. Leo nendeni mkamdai hiyo ahadi. Mtu anaanguka siku moja tu, na nyuma yake wanabaki watu ambao hawakuahidi kitu."

Mfano wenyewe ulikuwa umelala chumba cha pili. Basi kila mmoja akasema la kwake.

Mwanahawa alisema kila neno kwenye tovuti ile limetoka kichwani kwa baba yake, na jina ni lake. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini amewaambia ulimi unaweza kurudi, ila kwa miezi hii ya mwanzo tu, na nauli na malipo ya kila wiki hana. Ukirudi, tovuti itapata kurasa mpya. Usiporudi, itabaki na zilezile.

Mzee Yoeli alisema, kwa aibu na akiangalia chini, kwamba maneno bila wasomaji yalikaa mwaka mzima hayajaleta kitu. Wasomaji ni yeye aliyewafuata mmoja mmoja, na anaendelea kuwajibu hata sasa. Mkewe ana kidonda cha sukari mguuni, na madaktari wameshaanza kuuzungumza ule mguu kama kitu cha kukatwa.

Bi Zawena alitakiwa aseme, ulimi ukaganda. Alijua la kusema. Bila yeye, sikio la Mbaruku lingebaki barazani kwa Mbaruku, na Yoeli asingekuwa na cha kujibia watu. Tovuti aliitengeneza yeye, ukurasa baada ya ukurasa, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumpa notisi. Alilitaka jina lile, tuseme wazi. Alilitaka, na akajichukia kwa kulitaka. Kilichotoka mdomoni kikawa, "Mimi nina vyumba vyangu tu," na Mwanahawa hakuelewa maana yake.

Wakakubaliana wamuulize mwenyewe. Siku ya mwisho mtendaji wa mtaa alikuja na kidau cha wino na mhuri, wakaingia chumbani. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa bado una nguvu. Bi Zawena akaushika, akamweleza polepole: nikitaja jina unalolitaka, bana mkono wangu.

Akamtaja Mwanahawa, mzee akabana. Akamtaja Yoeli, mzee akabana. Jina lake mwenyewe lilimtoka kwa shida, na mzee akambana kwa nguvu ileile, akimtazama, machozi yakimshuka kuelekea sikioni. Mtendaji akashauri litajwe jina la mtu mwingine kabisa, kupima kama anaelewa. Bi Zawena akataja jina la mtendaji. Mzee akabana. Labda alikuwa haelewi. Labda alikuwa anaelewa sana na anawaambia kitu kingine.

Mtendaji akatazama saa. Akasema yeye anashuhudia dole gumba, habari ya jina ni yao, na ana kikao kingine saa sita. Akampaka mzee wino kwenye dole la kushoto.

"Andika wewe, dada," Mzee Yoeli akasema. "Mimi nimeshindwa. Utakaloandika nitanyamaza nalo."

Bi Zawena akamgeukia Mwanahawa. Binti alikuwa anamfuta baba yake mate kwa ncha ya kanga.

"Andika, shangazi. Sitakuzuia. Lakini usinitake niseme nimeridhika."

Basi karatasi ikawa magotini mwa Bi Zawena, na kalamu mkononi. Akiandika jina la Mwanahawa, huenda mzee akasema tena, na yeye atafunga mizigo ya Handeni. Akiandika Yoeli, huenda mguu wa mkewe ukapona, na fundi akabaki bubu. Akiandika Zawena, analala kwake, na kila Jumanne anajua ni nani hakupona. Alitamani mtu amtolee maneno, yeye achape tu. Hapakuwa na wa kumtolea.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza. Msiniambie wagawane, mstari ni mmoja na ahadi mmeona zinavyoangushwa. Msiniambie waiache karatasi, kwa sababu hapo wanakosa wote watatu. Wala msiniambie Bi Zawena ajitoe kwa kuwa ni mpole, maana upole ndio ulioandika jina la kwanza bila kufikiri, na ndio uliowafikisha hapa.

Mtendaji amesimama mlangoni, na mzee ameinua dole, amelishikilia hewani. Zawena anawatazama nyinyi. Aandike jina la nani?