Udi Ulionyamaza Maristani

Wamesimulia wenye kuhifadhi habari za waja wema, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu palikuwa na mzee akiitwa Nuaimu. Kazi yake ilikuwa kupiga udi katika maristani, yaani nyumba ya kuwatibu wagonjwa. Udi ni ala ya kale, yenye tumbo la mviringo na shingo fupi, na mafundi wa nyimbo wa zama hizo waliutukuza juu ya ala zote. Matabibu nao waliamini kwamba sauti yake hutuliza roho iliyofadhaika. Basi kila baada ya sala ya alasiri Nuaimu alikaa karibu na birika la uani, akapiga polepole kwa risha, yaani unyoya wa kukwaruzia nyuzi, na wagonjwa wakamsikiliza.

Aliishi na mkewe, Bi Lubaba, katika chumba cha wakfu kilichoshikamana na maristani. Mungu hakuwajaalia mtoto, lakini aliwajaalia mapenzi, na mapenzi yao yalikuwa ya utani. Bi Lubaba aliuita udi ule mke mwenzake. Asubuhi alimwuliza mumewe, "Mwenzangu ameamkaje?" Na Nuaimu, ambaye alizikagua nyuzi zake kabla hata ya kunywa maji, alijibu, "Amenuna leo. Ni hii baridi." Kisha wakacheka kana kwamba hawajapata kuusikia utani huo.

Ikawa mwaka mmoja mji umepata kadhi mpya, mtu mcha Mungu, mwangalifu mno wa mali ya wakfu. Alipoambiwa kwamba yuko mzee anayekula na kulala kwa wakfu kwa sababu ya kupiga nyuzi, moyo wake haukutulia. Akamwita Nuaimu akamwambia, "Mzee wangu, sikuchukii. Lakini nitaulizwa kesho mbele ya Mola wangu. Ikifika Ramadhani na haijaonekana faida ya udi huu kwa mgonjwa hata mmoja, utatoka maristani, na chumba atapewa mwenye haki nacho." Nuaimu aliinamisha kichwa. Kwa umri wake, angempeleka wapi Bi Lubaba?

Miongoni mwa wagonjwa alikuwemo mtu akiitwa Mundhiri, msokotaji wa kamba. Mwanawe alichukuliwa na mafuriko, na tangu siku hiyo hakutamka neno. Nuaimu alimpigia kwa huruma kila siku, wala hakuona hata ukope wake ukitikisika.

Siku moja ya mwezi wa Shaabani hewa ilikuwa na unyevu. Nuaimu alikuwa ndiyo kwanza anakaza nyuzi, hajapiga hata sauti moja, uzi mnene ukakatika. Nyuzi hizo zilikuwa za utumbo wa kondoo, na akiba hakuwa nayo. Akajaribu kuuunga, lakini macho yalikuwa hafifu na vidole vikamtetemeka. Mara mkono ukanyooshwa, na sauti iliyokauka ikasema, "Lete, mzee wangu, nikufungie."

Alikuwa Mundhiri. Wauguzi waliposikia ile sauti walitoka mbio wakileta takbira, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imeenea sokoni: udi wa Nuaimu umemfungua bubu ulimi!

Nuaimu alirudi chumbani akamweleza mkewe yote. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kadhi anakuja kesho. Mimi sikumwambia mtu kwamba udi umemponya. Wamesema wao. Nikinyamaza, nitakuwa nimedanganya?"

Bi Lubaba alimtazama kwa mapenzi, akamshika mkono. "Bwana wangu, miaka yote hii nimeishi na mke mwenza nikavumilia. Ukituletea na uongo, tutaulaza wapi? Chumba chenyewe hiki kidogo."

Asubuhi Kadhi akaja, watu wakajaa uani. Uso wake ulikuwa na bashasha. "Ewe Nuaimu, Mungu akubariki! Nimekuja kuthibitisha kwamba udi huu utabaki hapa daima. Nieleze tu, ulipiga nini hata huyu akasema?"

Nuaimu aligeuza uso. Alimwona Bi Lubaba amesimama mlangoni na ushungi wake, akajibu, "Mungu akuhifadhi, ewe Kadhi. Sikuwa nimepiga kitu. Uzi ulikuwa umekatika, udi umenyamaza."

Watu wakaguna. Kadhi akasema kwa masikitiko, "Unajua kwamba umetoa ushahidi dhidi yako mwenyewe?"

"Najua. Sina ushahidi mwingine."

Hapo Mundhiri akainuka kutoka pembeni mwa birika. "Ewe Kadhi, mbona mimi hukuniuliza?"

"Sema, ndugu yangu."

"Mzee huyu nilikuwa namsikia kila siku. Moyo ulimwitikia, ulimi ukakataa. Nilikuwa nikiingoja alasiri kama mwenye saumu anavyongoja adhana. Jana uzi ulipokatika nikaiona mikono yake inatetemeka, nikaogopa kwamba sitausikia tena udi huu. Hofu hiyo ndiyo iliyonisemesha."

Kadhi alilia mbele za watu wala hakujificha. Akaamuru udi ubaki, na wazee wale wawili wasitolewe chumbani mwao maisha yao yote.

Ewe ndugu muumini, zingatia. Lau Nuaimu angemjibu Kadhi kwa uongo, chumba angekipata vilevile. Lakini angekufa bila kujua kwamba siku zote zile, alipodhani anampigia mtu asiyesikia, alikuwa akisikilizwa.