Beberu Aliyejiona Mlangoni

Hapo zamani, wala si zamani sana maana pikapu zilikuwepo, kijana Mhina wa Korogwe aliazima pikapu ya mkwe wake mtarajiwa, Mzee Shemdoe. Mzee alimpa ufunguo na neno moja: "Ikirudi na kovu, posa yako nayo itarudi."

Mhina, kwa kujipendekeza, akaing'arisha milango mpaka ikawa vioo. Beberu wake akapita, akaona beberu mwenzake mlangoni. Akarudi nyuma hatua tatu. Pu! Mlango ukabonyea, shimo la kulaza mtoto mchanga.

Mhina akalia, tena kwa sauti. "Atakayeunyoosha kabla mzee hajaja kesho alasiri, beberu huyu ni wake!"

Akaja Semboja, fundi bodi. Akaweka sumaku mlangoni, ikaanguka. Akaiweka tena, ikaanguka tena. "Gari hili halina chuma," akasema, "lina mashetani." Hata hivyo akaufungua mlango kwa ndani ili alifikie shimo, akagonga kwa nyundo yake nzito. Shimo moja likawa mawili.

Akaja Kaoneka, mfua masufuria. Akaugonga mlango kwa ukucha, akacheka mpaka akakaa chini. "Hii alumini, jamani! Mnaendesha sufuria yenye magurudumu. Ipasheni moto, mgonge kwa nyundo ya mti."

"Moto kiasi gani?" akauliza Semboja.

"Hapo ndipo penye kazi. Alumini haiwi nyekundu. Unaiona nzima, mara imeyeyuka. Mimi mwenyewe nimeshapoteza vifuniko saba."

Akaja Mashavu, mama lishe, na chai ya Semboja mkononi. "Mafundi wazima hamjui? Sufuria naipaka sabuni ya mche kabla ya kuinjika kwenye kuni, masizi yasigande. Moto ukikolea, sabuni inageuka hudhurungi. Pakeni sabuni. Ikigeuka, ondoeni moto."

Wakapaka. Semboja akashika moto wa gesi, Mashavu akakodolea sabuni macho, Kaoneka akagonga. Mlango ukarudi. Semboja akapiga rangi, ikakauka juani.

Mzee Shemdoe akaja, akapitisha kiganja mlangoni. "Umeitunza, mwanangu. Posa nimeipokea." Akaketi barazani, akaletewa chai.

Nyuma ya gari vita vikaanza.

"Beberu wangu!" akasema Semboja, kashika pembe. "Nani aliufungua mlango? Nani alipiga rangi?"

"Wangu!" akasema Kaoneka, kashika mkia. "Ulikuwa unautwanga kama kisamvu. Nani aliijua alumini?"

"Wangu!" akasema Mashavu, kashika kamba. "Bila sabuni yangu, saa hizi mngekuwa mnaukoroga mlango kwa mwiko."

"Punguzeni sauti, nawaomba," akasema Mhina, jasho likimtiririka. "Mzee atasikia!"

Hawakupunguza. Wakamwachia beberu ili wapate mikono ya kugombania.

Je, enyi mlioketi, nani alistahili? Aliyeufungua mlango, aliyeijua alumini, au aliyeleta sabuni? Semeni upesi! Kikombe cha mzee kimebaki nusu, na beberu ameuona mlango wa pili. Ameshapiga hatua mbili kurudi nyuma.