Kwa Nini Mtu Aliyechoka Huambiwa Pole

Kabla maneno hayajagawana kazi kama yalivyogawana leo, neno kuchoka halikuwa la watu. Lilikuwa la vyombo. Jembe lililolika mpaka likabaki dogo kama ulimi lilisemwa limechoka. Kamba iliyoanza kuachana nyuzi ilikuwa imechoka, na ngozi ya kulalia iliyopukutika manyoya ilikuwa imechoka vilevile. Kuchakaa nako kulikuwa hivyo hivyo, na mtu aliweza kutumia neno moja badala ya jingine asirekebishwe. Lakini binadamu hakuchoka wala hakuchakaa. Binadamu alikuwa mzima au alikuwa mgonjwa, na katikati ya hayo mawili hapakuwa na kitu.

Msidhani watu wa wakati huo walikuwa na miili ya chuma. Magoti yaliwauma kama yanavyotuuma sisi, na zilikuwapo asubuhi ambazo kuinua mguu tu kulikuwa kazi. Ila hawakuwa na la kusema. Aliyeulizwa hali alijibu kuwa ni mzima, akainama akaendelea. Aliyekaa chini wakati wenzake wamesimama aliitwa mvivu, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuwa karibu.

Neno kuchoka lilivukia kwa watu katika bonde la Isenga, kwenye mbuga ya chumvi, kwa kinywa cha mwanamke aliyeitwa Kalunde.

Kalunde hakuzaliwa Isenga. Aliolewa huko na Masele, mwana wa pekee wa Nyanzobe, na ndoa ikiwa bado changa Masele akaumwa na nyoka akifukuzia mbuzi, akafa siku ile ile. Ndugu zake Kalunde walikuja kumchukua, kama ilivyokuwa desturi. Aliwapikia, wakala, kisha akawaambia haondoki. Hakueleza sababu. Sababu ilikuwa kwamba siku ya maziko Nyanzobe, ambaye mwenyewe hakutia kitu mdomoni, alimlisha uji kwa mkono wake mpaka bakuli likaisha. Kalunde aliona hawezi kumwacha mtu kama huyo peke yake.

Kila kiangazi, mbuga ilipokauka na udongo ukatoa ukoko mweupe, kijiji kizima kilihamia huko. Wanawake waliukwangua ule udongo, wakauchuja kwa maji ndani ya vikapu, kisha maji yale wakayachemsha mpaka chumvi ikabaki chunguni. Chumvi hiyo ndiyo iliyowaletea majembe na mtama kutoka nchi za jirani, maana Isenga kwenyewe mazao yalikuwa ya kubahatisha. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake, na sheria ilikuwa moja tu: jiko lililozimika kabla ya mvua za kwanza lilipewa nyumba nyingine, na wenye jiko walirudi kijijini mikono mitupu kungoja huruma ya watu. Sheria hiyo ilisimamiwa na mzee Shigela, mkuu wa mbuga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Hakuwa mkatili. Alikuwa ameiona njaa, na aliiogopa.

Vyungu vya chumvi vilitunzwa kuliko kitu chochote. Chumvi hula udongo, na chungu kilichochemka muda mrefu huanza kutoka jasho ubavuni. Mwenye jiko akiliona jasho hilo alisema, "Chungu kimechoka," na hapo watu waliacha shughuli zao. Wawili walikuja na majani manene mikononi, wakakiinua kutoka kwenye mafiga, wakaenda nacho huku wakiambiana, "Pole. Pole," yaani taratibu, kwa maana mwendo wa haraka ungekipasua. Walikiweka kivulini, wakakifunika nyasi ili upepo usikipige, wakakiacha. Aliyekwenda kukitazama alirudi na kusema kimeshapoa, au bado. Kikishapoa kilipakwa uji wa mtama, na mara nyingi kilirudi jikoni kikamaliza msimu. Visivyoweza kurudi vilitupwa jalalani, navyo pia viliitwa vimechoka.

Jiko moja lilitaka watu wanne, na nyumba ya Nyanzobe ilikuwa na wawili. Mmoja akienda kuni, mwenzake alibaki na moto, na udongo, na maji, na chungu. Misimu ya mwanzo waliweza. Kisha ukaja msimu ambao Kalunde alianza kuona mambo. Mama mkwe wake alikuwa akisimama katikati ya njia na mtungi kichwani, anatazama mbele kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kabla ya kuinuka alishika kwanza nguzo ya banda. Chakula alikimega, akakigeuzageuza, akakirudisha. Siku moja alimwita Kalunde kwa jina la Masele, wala hakujisahihisha.

"Mama, u mzima?" Kalunde alimwuliza.

"Mzima, mwanangu."

Wala hakuwa anadanganya. Hapakuwa na mahali palipomuuma.

Kalunde alimpeleka kwa Mihambo, mganga aliyefuatana na watu mbugani. Mihambo alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akamwuliza usingizi wake ukoje. Alikuwa mganga mwaminifu, asiyetoa dawa ilimradi ametoa. Alimwita Kalunde pembeni, akamwambia kwamba haoni ugonjwa, wala haoni mkono wa mtu. Kuna kitu anakiona, alisema, lakini hakijui jina, na kitu asichokijua jina hawezi kukichimbia mzizi. Wakarudi jikoni kwao. Njiani Nyanzobe aliomba radhi kwa kuwapotezea watu muda. Kalunde alitangulia mbele ili mama yule asimwone uso.

Siku chache baadaye, jua likiwa la utosi, Kalunde alirudi na mzigo wa kuni, akamkuta Nyanzobe amepiga magoti mbele ya jiko. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye paji la uso mpaka shingoni. Macho yalikuwa wazi, hayatazami kitu. Mkono wake mmoja ulikuwa ukisukuma kuni motoni, ukirudi, ukisukuma tena. Kalunde aliposogea aliona kwamba kuni zilikwisha zamani. Mkono ule ulikuwa ukisukuma hewa.

Alimwita. Nyanzobe hakugeuka. Kalunde alitua mzigo, akamshika mabega, akashangaa jinsi yalivyokuwa mepesi. Hapo, bila kulichagua neno, akasema kwa sauti iliyofika majiko yote:

"Mama amechoka."

Watu waligeuka. Ngolo, mwanamke wa jiko la jirani, alifunika mdomo kwa kiganja. Halafu akaja juu, akamwambia Kalunde aombe radhi upesi, kwamba mama mkwe si kigae, na kwamba hata kama huzuni ya mume inamsumbua, kuna maneno ambayo mtu hamwambii mzazi. Wengine walinong'onezana kwamba sasa imejulikana kwa nini alikataa kurudi kwao. Kumbe anataka jiko liwe lake. Kalunde aliyasikia yote. Hakuondoa mikono mabegani mwa Nyanzobe.

Shigela alikuja na fimbo yake, watu wakampisha.

"Umesema nini, Kalunde?"

"Nimesema mama amechoka, baba."

"Kilichochoka hutupwa jalalani. Ndivyo unavyotaka tumfanyie?"

Kalunde alijua kwamba akikosea kujibu atakuwa amemtukana mama yule mbele ya kijiji kizima, na jiko litakwenda, na wote wawili watakula kwa kuomba.

"Kinachotupwa ni kile kilichochakaa, baba," alisema. "Chungu kikichoka mnakitoa motoni. Sijaomba zaidi ya hapo. Mtoeni mama motoni."

Shigela alipiga hatua mbele. Aliinama akamtazama Nyanzobe kwa karibu, akalitazama lile jasho, akautazama mkono uliokuwa bado unakwenda na kurudi. Ilisemekana baadaye kwamba alimkumbuka mkewe. Miaka mingi nyuma mke wake alianguka akafa kwenye mbuga ile ile, asubuhi, punde tu baada ya kumjibu kwamba ni mzima. Kisha mzee alilaza fimbo chini.

"Ngolo," alisema, "shika upande ule."

Ngolo alishika, Shigela akashika, Kalunde akaushika ule mkono mpaka ukatulia. Walimwinua kutoka mbele ya moto. Na kwa kuwa tangu utoto wao hawakuwahi kuinua kitu kutoka jikoni bila kusema neno lake, walijikuta wakisema, mmoja baada ya mwingine, "Pole. Pole." Nyanzobe alizisikia sauti zile. Maisha yake yote alikuwa amezisikia zikiambiwa vyungu. Machozi yalianza kumtoka, taratibu, bila kilio, na aliendelea kulia mpaka walipomlaza kivulini na Kalunde akamfunika nguo.

Jikoni moto ulikuwa umebaki makaa. Watu walimtazama Shigela, maana sheria ilikuwa yake na wote waliijua. Mzee alirudi, akauchukua mzigo wa kuni alioutua Kalunde, akachutama mbele ya mafiga. Mwanamume hakuwa akikaa jikoni mbugani, sembuse mkuu wa mbuga. Alichochea vibaya, moshi ukamwingia machoni, lakini moto ukawaka. Alisema bila kumtazama mtu kwamba jiko hili halijazimika. Baada ya muda Ngolo alikuja akampokea, na baada ya Ngolo akaja mwingine.

Jua lilipopungua ukali Ngolo alikwenda kivulini. Alisimama pale akiwa na aibu, hajui amwambie nini mwanamke ambaye yeye mwenyewe alisema si kigae kisha akambeba kama chungu. Likamjia lile lile alilokuwa akilisema walipokuwa wamembeba.

"Pole, mama," alisema.

Nyanzobe alifungua macho. Walikuwa wamemnywesha maji na uji, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso. Alifikiri kidogo, na wale waliokuwapo wanasema alitabasamu.

"Nimeshapoa," alijibu.

Kesho yake Shigela aliwakusanya watu akawaambia kwamba kuanzia sasa maneno yale mawili yatenganishwe. Kuchakaa waviachie vyombo, kwa kuwa kilichochakaa hakirudi. Mtu huchoka, naye akitolewa motoni hupoa. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe amechoka, na kwamba amechoka siku nyingi. Akaenda kulala mchana kweupe, fimbo yake ikabaki imeegemezwa kwenye banda.

Wiki ile kila mtu mbugani alichoka. Walilitumia neno kama watu waliopata chakula kipya, wengine kwa haki na wengine kwa ujanja, na vivuli vikajaa. Chumvi ilipungua kidogo msimu huo. Lakini walijifunza kupokezana majiko, na msimu uliofuata ikarudi kama kawaida, na hakuna nyumba iliyonyang'anywa moto. Mihambo naye alifurahi kuliko wote. Alikuwa amepata jina alilolikosa, na dawa yake, aliwaambia, hailiwi wala haichimbwi, ni kulala.

Nyanzobe hakubeba tena mtungi. Alikaa kivulini akisuka vikapu vya kuchujia, wanawake wakampitia kuzungumza naye, na Kalunde akapata wa kumsaidia kuni. Nyanzobe alifariki wakati wa masika, nyumbani, kitandani pake, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Kalunde.

Baada ya maziko Kalunde alikaa nje ya nyumba, mikono imelala juu ya magoti. Zamani zile waliokuja msibani walilia pamoja na mfiwa, kisha wakaondoka. Hapakuwa na neno la kumwambia. Ngolo alikuja wengine walipokwisha kuondoka. Alimwona Kalunde alivyokaa, mabega yameshuka, na hapakuwa na jiko mbele yake, wala mzigo, wala kazi yoyote iliyomfikisha hapo. Hata hivyo aliutambua uchovu ule.

"Pole, Kalunde."

Kalunde alilitafuta jibu ambalo kila mtu alilijua.

"Bado, dada," alisema. "Bado sijapoa."

Ngolo akatandika kanga yake chini, akakaa kando yake, asimharakishe.

Na tangu siku hiyo maneno yale mawili, kuchoka na pole, yakatoka kwenye mbuga ya chumvi, yakaenea. Vyombo havikunyang'anywa neno lao; shati likififia bado tunasema limechoka, na mtu mzima akisema juu ya mwenzake kwamba amechakaa, wanaosikia humtazama vibaya. Lakini pole ni ya watu wote. Huambiwa anayetoka shambani na anayetoka ofisini, aliyetoka safari, mwenye mgonjwa, na hata aliyejikwaa mbele yetu ingawa si sisi tuliomkwaza. Anayejibu kwamba ameshapoa tunamwamini, tunamkaribisha chakula. Na aliyefiwa akinyamaza asijibu kitu, hatumwulizi tena. Tunatafuta mahali kando yake, tunakaa.