Wembe Unangoja Jina

Hapo zamani, katika kijiji cha Mavumo, siku ya kunyolewa mtoto wa Sikudhani, waliokuwapo uani ni hawa. Alikuwapo Sikudhani mwenyewe, mama wa mtoto, ameketi mkekani miguu kainyoosha. Alikuwapo Bi Mboni, mfinyanzi, mwenye ua huo. Alikuwapo Bi Kidawa, aliyekuwa mama mkwe wa Sikudhani kabla ya talaka. Alikuwapo Mashavu, mke mpya wa huyo aliyetoa talaka. Alikuwapo kinyozi Mshamu na wembe wake. Na nje ya ua, karibu na banda la mbuzi, alikuwapo Mhina, aliyemwacha Sikudhani. Hakuingia, hakuondoka.

Na mtoto alikuwapo, wa kike, amelala. Kati ya wote hao, yeye peke yake hakuwa na jina.

Sasa shikeni desturi ya Mavumo, msije mkanikata kauli katikati. Huko mtoto wa kiume hupewa jina na baba yake. Mtoto wa kike hupewa jina na mama yake, na lazima liwe jina la mwanamke aliye hai. Mwanamke huyo ndiye somo wa mtoto. Mtoto akiachishwa ziwa, huenda kukaa kwa somo wake. Hula naye, hulala naye, mpaka meno ya utoto yaanze kung'oka. Ndipo hurudi kwa mama. Basi mama wa Mavumo akitaja jina, ametaja na mlango atakaopita mwanawe.

Jina ni moja tu. Na wembe haugusi kichwa mpaka jina litajwe.

"Haya, mama mtoto," akasema Mshamu, "tumwite nani huyu? Nina vichwa vingine vinaningoja ng'ambo ya mto."

Sikudhani akafungua kinywa. Akawatazama wanawake watatu. Akakifunga.

Mwataka kujua kwa nini? Turudi nyuma.

Mhina alimwacha Sikudhani wakati wa kuvuna mahindi. Hakumpiga, hakumtukana. Alikuja shambani, akasimama kwenye mabua, akasema, "Sikudhani, nimekuacha. Nimekwisha kuposewa mwingine."

Sikudhani alikuwa na hindi mkononi. Akauliza, "Na mahindi haya nani atayapukuchua?"

Hakuwa mjinga. Lilikuwa ndilo neno pekee lililokuja.

Akaenda kwa kaka yake. Wifi yake akatoka mlangoni akasema, "Karibu, wifi, ila chumba chote tumejaza mtama." Akaondoka. Njiani akapita kwa Bi Mboni, mjane asiye na mtoto. Walijuana kwa kuuziana vyungu tu.

"Unajua kukanda?" Bi Mboni akamwuliza.

"Kukanda nini, mama?"

"Udongo."

"Sijui."

"Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi ingia."

Hivyo ndivyo alivyoanza upya. Alipewa chumba na jiko lake. Chungu chake cha kwanza kilikaa upande kama mlevi. Bi Mboni hakukivunja. Alikichukua kikawa chungu chake cha maharage, na wageni wakicheka, alisema, "Hiki kinasikiliza, ndiyo maana kimeinamisha sikio."

Na kila jioni Sikudhani alisonga ugali wa watu wawili, kwa mazoea. Akishakula wake, akiuona ule uliobaki, machozi yanamtoka. Bi Mboni alikuwa amekwisha kula zamani. Lakini kila jioni alikuja, akaketi, akasema, "Leo njaa imenikamata vibaya, mwanangu," akaula ule wa pili wote. Alinenepa mwanamke yule kwa huruma.

Siku zikaenda. Tumbo likaanza kuonekana. Sikudhani alipoachwa hakujua kama ana mimba, wala Mhina hakujua. Lakini midomo ya kisimani ilijifanya inajua.

"Udongo gani huo unaofura?" akasema mmoja.

"Mfinyanzi mpya," akasema mwingine, "kajifinyanga mwenyewe!"

Mhina akaulizwa: mimba ile ni yako? Mhina akatazama ng'ombe wake. Akaulizwa tena. Akawatazama tena ng'ombe.

Asubuhi moja Sikudhani akaenda kisimani, na wale wenye midomo wapo. Akajaza maji, akainama kujitwisha mtungi. Kabla hajauinua, mkono mwingine ukaushika. Alikuwa Bi Kidawa, mama mkwe wake wa zamani. Akauinua mtungi ule, akajitwisha mwenyewe.

Mavumo haijapata kuona mama mkwe akimbebea maji mke wa mwanawe. Mke ndiye humbebea mkwe. Wanawake hata ndoo zao wakazisahau.

Bi Kidawa akasema, "Tumbo lile limetoka chini ya paa la mwanangu. Anayetaka kulicheka, aanze na mimi." Akapita kijiji kizima na mtungi kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, Sikudhani nyuma yake mikono mitupu. Tangu siku ile hakuna aliyesema tena.

Sikudhani alimshukuru, moyo ukimwuma. Maana ni Bi Kidawa huyo huyo aliyekwenda kumposa Mashavu. Siku hiyo mchana alikula wali aliopika Sikudhani, akausifu. Jioni akajifunga kanga nzuri akaenda kuposa. Unamshukuruje mtu wa namna hiyo? Unamchukiaje?

Sasa ikafika siku ya kuchoma vyungu. Vyungu vya msimu mzima vilipangwa uwanjani, vikafunikwa kuni na nyasi kavu, moto ukawashwa. Aliyeuwasha ni Bi Mboni. Na wafinyanzi wa Mavumo wana mwiko wao: aliyeuwasha haondoki mpaka moto ufe. Lazima awepo kurudishia nyasi panapotoboka. Akiondoka, upepo ukaingia, vyungu hupasuka vyote.

Sikudhani, tumbo limeshuka, akasema, "Mama, nateremka shimoni kuchukua udongo kidogo."

"Usikawie," akasema Bi Mboni, "na usibebe mzigo."

Uchungu ukamshika mle mle shimoni, kuta za udongo huku na huku. Akaita.

Mara ya kwanza akaita, na Bi Mboni akasikia. Akajisemea, "Ananiambia ameupata udongo mzuri." Akarudishia nyasi.

Mara ya pili akaita, na Bi Mboni akasikia. Akasimama. Akatazama vyungu. Akaketi.

Mara ya tatu akaita, na Bi Mboni akaitupa fimbo yake ya kuchochea, akauacha moto, akakimbia.

Lakini mlimani, juu ya shimo, alikuwapo Mashavu anakata nyasi za kuezekea. Yeye alikimbia kwa wito wa kwanza. Hakujua anayeita ni nani. Aliporuka shimoni ndipo wakaonana.

"Ni wewe?" akasema Sikudhani.

"Ni mimi. Shika bega langu."

"Nenda zako!"

"Nitakwenda, dada. Kwanza sukuma."

Mtoto akatoka na kitovu kimemzunguka shingoni, uso umepiga weusi kama zambarau. Hakulia. Mashavu akakizungusha kitovu, akakitoa. Akamfyonza kamasi puani, akazitema. Akampulizia. Akampulizia tena. Mtoto akalia. Akamkatia kitovu kwa mundu wake, akavua kanga ya juu, kanga aliyopewa na Mhina siku ya harusi, akamviringisha.

Bi Mboni akafika anahema, mtoto analia kanga mwilini. Na nyuma yake, juu uwanjani, wote watatu wakasikia vyungu vinapasuka. Paa! Kimya kidogo. Paa! Paa! Bi Mboni hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anamfuta Sikudhani miguu.

Jioni ile walikula kwenye kipande cha chungu. "Si husemwa mfinyanzi hulia gaeni?" akasema Bi Mboni, akacheka. Kisha mwenyewe, bila kuulizwa, akamwambia Sikudhani habari ya wito wa kwanza na wito wa pili.

Naye Mashavu alirudi kwake na kanga moja, akipita mbele za wanaume. Mhina akamwuliza, "Nani aliyekutuma kumzalisha mtalaka wangu?" Usiku ule Mashavu akalala jikoni.

Haya, sasa mmejua. Turudi uani. Wembe unangoja.

"Mama mtoto," akasema Mshamu, "mpe majina yote matatu basi, tuondoke."

"Jina ni moja," wakasema wanawake wote kwa pamoja. Kumbe kuna jambo waliloweza kukubaliana.

Bi Kidawa akatangulia. "Mwanangu, sitajificha. Mashavu nilimposa mimi, na wali wako niliula. Lakini mtoto huyu angekua akiitwa wa kuokotwa. Nani aliyempa ukoo? Baba yake alitazama ng'ombe. Ni mimi niliyembeba, yeye na mtungi wako, mbele ya kijiji. Nipe jina. Aje kwangu, nilee damu yangu. Nilikukosea wewe, niache nimtengenezee yeye."

Nje ya ua Mhina akakohoa. "Mpe jina la mama yangu," akasema. "Mtoto ni wangu."

"Nyamaza wewe!" Bi Kidawa akamkemea bila kugeuka. "Leo ndiyo umepata mdomo? Kaa na mbuzi hapo."

Mashavu akasema, "Ukoo hupewa anayepumua. Huyu hakuwa anapumua. Nani aliyempa pumzi? Na mume sikukuibia, dada. Niliambiwa nyumba ni tupu. Nilipoingia jikoni nikakuta mafiga bado yana moto wako. Tangu siku hiyo sijapika kwa raha. Akija kwangu atalala katika chumba kile ulichokuwa unalala wewe, najua, na wewe roho itakuuma. Lakini mimi nilikimbia kabla sijajua anayeita ni nani. Na nilipojua, sikurudi nyuma."

Zamu ya Bi Mboni ikafika. Alikuwa anasugua udongo uliokauka kwenye kucha.

"Na wewe mama, sema," akasema Mshamu. "Wembe unapoa."

"Niseme nini? Mwiteni jina la aliyewahi."

"Sema haki yako!"

"Haki yangu." Bi Mboni akafikiri. "Mimi niliwahi siku zote, nikachelewa siku moja. Wito wa kwanza niliusikia. Wa pili niliusikia, nikaketi. Kwa ule wa tatu nikavunja msimu mzima. Yupi ni mimi kati ya hao, aliyeketi au aliyekimbia, hata mwenyewe sijui." Kisha akasema polepole, "Ila nyinyi mna watu. Bi Kidawa una mwana, Mashavu bado utazaa. Mimi nikifa bila mtoto aliyeitwa kwa jina langu, limekwisha hapa duniani."

Sikudhani akamtazama mtoto. Akamfikiria Bi Kidawa, maji yakimchuruzika shingoni, na akaukumbuka ule wali. Akamfikiria Mashavu akitembea na kanga moja mbele za wanaume, akakumbuka kuwa usiku Mashavu ndiye anayefunga mlango ule aliokuwa akiufunga yeye. Akamfikiria Bi Mboni akila ugali asioutaka, jioni baada ya jioni. Kisha akamwona ameketi, moto mbele yake, sauti yake yeye Sikudhani ikitoka shimoni.

Alitaka amwone mmoja kuwa mwema kabisa, ampe jina. Alitaka amwone mmoja kuwa mbaya kabisa, amtoe. Hakumpata. Wema wote aliotendewa tangu siku ya mahindi ulikuwa umekaa kwenye mkeka ule, na kila wema ulikuja na mwiba wake. Akawaza, hata nyumba iliyonitupa ndiyo iliyoniokota. Nimrudishe mwanangu mlango ule? Nimnyime damu yake? Nimpeleke kwa aliyempa pumzi, au nimwache kwa aliyenipa mimi pumzi kidogo kidogo, kila jioni, mpaka nikaweza kumzaa?

Mtoto akaamka. Hakulia. Alifungua macho tu, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Mshamu akalowesha kichwa kwa maji. "Jina," akasema.

Sikudhani akainama, akalitaja.

Wembe ukapita. Nywele zikazikwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Wanawake watatu wakalia wote, na kwa kilio kile usingeweza kujua nani kapewa na nani kakosa. Mhina akaondoka bandani peke yake. Msimu uliofuata vyungu vilichomwa tena pale pale uwanjani, na havikupasuka.

Jina lile walilisikia waliokuwapo uani, na nimewatajia wote. Nyinyi hamkuwapo. Basi msiniulize mimi alitaja lipi. Niambieni nyinyi, mlio na mama, mlio na wana, mliopata kuachwa na mliopata kuokotwa: aliyempa mtoto ukoo, aliyempa pumzi, na aliyempa mama yake pa kuanzia, je, nani alistahili jina?